Shemeji na Jino la Winchi

Shemeji mpe heshima, winchi itie jino. Ndiyo, nimesema hivyo, na ninyi mmecheka. Mwenzenu Iddi hakucheka, alinuna. Nilimwambia afunge kizuizi cha mnyororo kabla hamjapandisha tangi la maji juu ya mnara, akaniuliza, "Bibi, kwani huniamini?" Sikuamini, mjukuu wangu. Simwamini mtu yeyote aliyeshika kitu kizito juu ya kichwa cha mwenzake, awe wewe, awe imamu wa msikiti. Sasa tangi limekwisha kupanda, salama, na mnataka kujua shemeji ameingiaje katika mambo ya winchi. Basi kaeni. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kabla mabomba hayajafika kwetu Singida, maji yalikuwa chini, na chini kwenyewe kulikuwa mbali. Hii ni nchi ya mawe. Wachimbaji walikwenda chini mpaka mtu aliye ndani ya kisima akitazama juu aliona mbingu imekuwa ndogo kama sinia. Ngazi haikufika huko. Mchimbaji alishushwa kwa winchi: nguzo mbili kwenye mdomo wa kisima, gogo la mviringo limelazwa juu yake, kamba imezungushiwa gogo, na kwenye ncha ya gogo chuma kilichopindwa, ndio mpini. Mshikaji akiuzungusha mpini mbele, mtu anapanda. Akiurudisha polepole, mtu anashuka. Akiuachia, mpini unazunguka wenyewe kwa nguvu ya kuvunja mkono, na aliye kwenye kamba anakwenda chini bila kuaga.

Kwa hiyo kwa mchimbaji swali la kwanza halikuwa maji yako wapi. Lilikuwa nani atashika mpini. Wazee wetu walilitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na hawakuwa watu wa kudanganyika. Ndugu wa baba mmoja? Hapana, ndugu anarithi. Rafiki? Rafiki wa leo ni adui wa kesho. Jirani? Huyo ndiye kabisa, mna mpaka wa shamba. Wakaupekua ukoo mzima, wakamtilia shaka kila mtu, wakabakiwa na mmoja tu: shemeji, kaka wa mke. Walisema kaka hawezi kumfanya dada yake mjane.

Ikawa desturi. Mwenye kushuka ni mume, mwenye kushika mpini ni kaka wa mke wake. Na shemeji akishika mpini, huulizi kitu. Hukagui kamba mbele yake, huupapasi mpini, humwambii "shika vizuri." Kufanya hivyo lilikuwa tusi kubwa kuliko kumtukana mama yake. Mchimbaji alikaa kwenye kibao, akasema "Shemeji, nipo mikononi mwako," akashuka.

Sasa alikuwepo mchimbaji mmoja jina lake Ntandu. Mke wake aliitwa Zaituni, na kaka wa Zaituni, mshika mpini, aliitwa Kingu. Zaituni nilimjua mwenyewe. Alikuwa jirani ya mama yangu, mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito, na mengi ya haya niliyasikia kinywani mwake. Ntandu na Kingu walichimba visima pamoja kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kusikia neno baya kati yao, mpaka Ntandu alipoanza kuonekana anakwenda kijiji cha pili akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku isiyo Ijumaa.

Lisemwalo lipo. Ikajulikana kwamba anaposa mke wa pili. Kingu alimkuta mnadani, mbele ya ng'ombe na watu, akamwambia, "Dada yangu amekukosea nini?" Ntandu akamjibu kwamba mambo ya nyumba yake hayamhusu mtu wa nje. Kingu akasema, "Mimi ni mtu wa nje? Nani anakutoa shimoni kila siku?" Watu wakawatenganisha. Maneno hayo ya mwisho yalisikika na kila aliyekuwapo, na waliokuwa hawapo walihadithiwa.

Kisima walichokuwa wanachimba wakati huo kilikuwa cha kijiji kizima, na kiangazi kilikuwa kimekaza. Wakaendelea na kazi, kwa salamu fupi. Wiki haikuisha. Asubuhi moja Ntandu alikuwa anashushwa, karibu kabisa na chini, mpini ukazunguka, kamba ikafunguka, akaanguka. Alikuta tope, ndilo lililomwokoa. Alivunjika mguu. Kingu naye alikutwa amekaa chini karibu na winchi, mkono umevimba, anasema, "Umeniponyoka. Chuma kile ni laini, kiganja kilikuwa na jasho. Umeniponyoka."

Nani aliyemwamini? Mwanzoni labda watu wawili. Jioni hakuna. Ndugu za Ntandu walisema mkono ule umevimba kidogo mno kwa mtu aliyepigwa na mpini. Wengine walisema umevimba mno, kwa hiyo aliupiga mwenyewe kwa jiwe. Mwaona? Mtu akishakuwa mshukiwa, hata uvimbe wake hauna kipimo cha kumwokoa. Binamu yake Ntandu, mtu mmoja mrefu jina lake Njiku, alizunguka nyumba hadi nyumba akisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha anaondoka bila kufafanua.

Ntandu mwenyewe, alipokuwa amelala na mguu wake umefungwa vijiti, aliulizwa na wazee. Akasema, "Shemeji yangu hawezi kuniangusha." Alisema hivyo kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Wazee wakamsifu. Lakini Zaituni aliniambia kwamba tangu siku ile, chakula kikiletwa kutoka nyumbani kwa Kingu, Ntandu alisema ameshiba. Maziwa yakiletwa, aliyapa mbwa kwanza, akamtazama mbwa.

Mwoneeni huruma huyo mwanamke. Wengine wote walikuwa wanashuku upande mmoja tu, yeye alikuwa katikati. Mume akifa kisimani, amempoteza mume, na kaka yake ni muuaji. Akimkataza mume asishuke tena, basi yeye mwenyewe, dada mtu, amemtangaza kaka yake kuwa muuaji. Alikuwa hasemi. Alitwanga mtama na kusikiliza.

Mguu ulipopona, kisima kilikuwa bado kinangoja na watu wana kiu. Hapo ndipo alipotokea Fundi Sefu, mhunzi wetu, aliyekuwa anatengeneza majembe. Alikuja kisimani na kitu amekifunika kwa gunia. Watu wakakusanyika. Alipofunua, tukaona gurudumu la chuma lililochongwa meno pembeni, kipande cha chuma kinachoning'inia kama ulimi, na mpini mpya, mrefu kuliko wa zamani, umevalishwa bomba la mti ambalo linazunguka lenyewe ndani ya kiganja ili chuma kisichubue wala kisiteleze. Nasema tukaona, lakini mimi nilikuwa bado tumboni. Mama ndiye aliyeona.

Fundi akafunga gurudumu kwenye ncha ya gogo, akatundika jiwe kubwa kwenye kamba, akaanza kuzungusha. Kile kipande cha chuma kikawa kinaruka jino kwa jino, ta, ta, ta. Kisha akauachia mpini na kurudi nyuma, mikono juu. Watu wakapiga kelele. Jiwe halikwenda kokote. Chuma kilikuwa kimeuma gurudumu.

"Hili ndilo jino," akasema Fundi Sefu. "Ukitaka kushusha, unakanyaga mshipi huu wa ngozi, jino linainuka. Mguu ukiondoka, jino linauma. Mshikaji akiteleza, linauma. Akizimia, linauma."

"Akikasirika je?" Njiku akauliza.

Fundi akakohoa. "Linauma vilevile."

Kila mtu alimtazama Kingu, kisha akajifanya hakumtazama. Kwa maana sasa jino halikuwa chuma tena. Kulifunga ilikuwa ni kusema hadharani lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalinong'ona.

Mzee mmoja akauliza, "Fundi, nani amekutuma?"

"Hakuna. Huo mpini wa zamani niliupinda mimi. Ni mfupi mno na laini mno. Sijalala vizuri tangu Ntandu aanguke."

"Ahaa," watu wakasema, wakaanza kumshuku fundi. Kumbe na yeye ana lake! Anataka kujiosha. Wengine wakasema ametumwa na Njiku amwaibishe Kingu. Wengine wakasema ametumwa na Kingu mwenyewe, ili ionekane kosa lilikuwa la chuma. Wapo waliosema ametumwa na wakwe wapya wa kijiji cha pili. Maskini fundi alikuwa ameleta chuma tu.

Ntandu akasimama kwa fimbo yake. "Fundi, chukua kitu chako. Nimtilie shemeji yangu jino? Kwani yeye ni fisi? Heshima aliyonipa mimi ni dada yake. Heshima nitakayompa ni kukaa kwenye kibao bila kuuliza."

Watu wakapiga makofi. Macho ya Ntandu, alisema mama yangu, hayakuwa yanapiga makofi.

Wakamgeukia Kingu. Angeweza kusema, "Hapana, lifungeni, nami nitalala usingizi." Alitaka kusema hivyo, alimwambia dada yake baadaye. Lakini angelikubali jino, wangesema amekiri. Akasema, "Mimi sihitaji jino. Nina mikono."

Basi mwanamume mmoja alikataa asionekane anashuku, na wa pili alikataa asionekane ana hatia. Fundi akafungua gurudumu lake, akalifunika gunia, akalilaza pembeni ya kisima. Wakakubaliana Ntandu ashuke kesho yake kwa winchi ileile, mpini uleule. Heshima ilikuwa imetimia, na mtu alikuwa anakwenda kufa.

Asubuhi watu walikuja wengi kuliko siku ya kwanza. Wengine walisema wamekuja kuteka maji, na kisima hakijatoa maji. Ntandu alikaa kwenye kibao. Kingu alishika mpini. Ndipo Njiku alipotoka kwenye kundi, rungu begani, akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa Kingu, karibu kabisa.

Kingu akauliza, "Wewe unafanya nini hapo?"

"Napumzika," Njiku akajibu.

Ntandu aliona, akanyamaza. Hilo lilikuwa lake, alilipanga. Mdomoni alimpa shemeji heshima, mgongoni akamwekea rungu.

Kabla kibao hakijaanza kushuka, watu wakapisha njia. Zaituni alikuwa anakuja, na begani amebeba mchi wa kutwangia, ule mkubwa wa mtama. Wanawake wakaanza kunong'ona, leo kuna mtu atapigwa, ila hawakukubaliana ni yupi. Wengi walisema mume. Zaituni akapita, akasimama kando ya nguzo ya winchi, akakishika kile kichwa kizito cha mchi karibu na mpini, akautega.

"Mama Ramla," Ntandu akasema kutoka kwenye kibao, "hapa si kinuni."

"Najua," akasema.

"Dada, rudi nyumbani," Kingu akasema.

"Kaka, zungusha."

Kingu akaanza kushusha. Mzunguko wa kwanza, wa pili, taratibu. Kichwa cha Ntandu kikazama. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na kiganja kikaanza kulowa, na nyuma ya shingo yake Kingu alikuwa anasikia mtu anavuta pumzi. Mtu mwenye rungu nyuma yake hawezi kutazama kazi iliyo mbele yake. Njiku akachoka, akahamisha rungu kutoka bega moja kwenda jingine. Kingu akaona kivuli kinapita chini, akageuza kichwa.

Mpini ukamponyoka mkono mmoja. Mkono wa pili ulibaki umeng'ang'ania, ukamvuta akapiga goti, na gogo likaanza kukimbia. Mpini haukumaliza mzunguko. Zaituni aliusukuma mchi kati ya mpini na nguzo, akaulalia kwa mwili wake wote. Chuma kikagonga mti, mti ukagonga nguzo, winchi nzima ikatikisika. Kisha ikasimama. Kutoka kisimani ikasikika sauti ya Ntandu anamtaja Mungu, akirudia na kurudia.

Mchi ulikuwa umepasuka kwa urefu wake, lakini haukukatika. Kingu alikuwa bado ameshika. Walipomsaidia kuutoa mkono wake, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma. Njiku aliuona ule mkono, akaliweka rungu chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba si lake.

Wakampandisha Ntandu, watu watano kwenye mpini. Alipotokea juu alikuwa na rangi ya majivu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama Kingu, kisha Njiku, kisha mke wake aliyekuwa anahema huku ameegemea nguzo. Akafungua kinywa.

"Usiseme," Zaituni akamwambia. Na hapo, Zaituni aliyekuwa kimya tangu kiangazi kilipoanza, akasema yote. "Baba Ramla, wewe unamshuku kaka yangu. Unamshuku usiku, unamshuku ukila, umemwekea mtu na rungu. Na kaka, wewe unamshuku huyu kwamba anakushuku, na unaona bora afe kuliko watu waseme. Na mimi nawashuku wote wawili! Ndiyo maana nimekuja na mchi. Nani kawaambia heshima inashikilia kamba? Heshima ya shemeji ni salamu, ni nyama ya mgongo, ni kumpisha kiti. Mpe yote. Shemeji mpe heshima, winchi itie jino!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Kingu, akiwa ameubeba mkono wake kama mtoto mchanga, akasema, "Fundi yuko wapi?"

"Nipo," Fundi Sefu akajibu. Alikuwa amesimama karibu na gunia lake tangu alfajiri.

"Lifunge."

Fundi akamtazama Ntandu, maana mwenye roho yake ni Ntandu. Ntandu akasema, "Na ule mpini mrefu pia. Shemeji ameumia mkono."

Kisima kile kilitoa maji kabla ya mvua. Jino likafungwa katika kila winchi ya upande huu, na mshikaji ambaye winchi yake haina jino alikosa kazi, hata awe shemeji wa nani. Mwanzoni wengine walinuna, kama Iddi. Kisha wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia. Mwaka uliofuata Ntandu alioa kweli yule mke wa pili. Ninyi mlidhani ameacha? Alioa. Kingu hakumsemesha msimu mzima, hata salamu. Lakini kila asubuhi alikanyaga mshipi, akamshusha, na kila jioni akampandisha, ta, ta, ta, mzima. Zamani wangelazimika kwanza kupatana, wale yamini, wachinje mbuzi, na bado mtu angeshuka huku anatetemeka. Sasa waligombana kama watu huru.

Mimi, kama mnavyonijua, ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo. Ile mara ya pili watu wote waliona ngozi ya kiganja kwenye chuma. Lakini ile ya kwanza? Siku chache tu baada ya maneno ya mnadani? Swali hilo lilinikaa kooni miaka mingi. Zaituni alipokuwa mzee, mume amekwisha kufa kwa homa kitandani kwake na kaka yake amekwisha kuzikwa, nilimuuliza waziwazi. Nikasema, "Mama, sasa wote wametangulia. Niambie. Ile mara ya kwanza, mpini ulimponyoka Kingu au aliuachia?"

Alinitazama kama mtu anayenionea huruma.

"Sijui," akasema. "Sikumuuliza."

"Miaka yote ile? Kaka yako mwenyewe?"

"Nimuulize ili iweje? Angesema uliponyoka, ningemwamini nusu. Angesema aliuachia, ningekosa kaka. Walikula kwangu wote wawili, sikukuu hadi sikukuu, wakazeeka. Moyo wa mtu huwezi kuutia jino, mwanangu. Shemeji mpe heshima, winchi itie jino."